Mkwe wa Migombani

Pale kwa maji ya barabarani, chini ya Kaaga, hapa Meru, mimi ndiye serikali. Hakuna aliyenipigia kura. Siku moja nilimfokea tu dereva aliyetaka kuoshea gari lake pale bombani, akatii, nami nikaona kazi hiyo inanifaa. Maji yale ni ya kunywa. Hufui nguo pale, huoshi gari, huogi. Unaleta mitungi yako, isizidi mitatu, unapanga nyuma ya mwenzako, unajaza, unaondoka. Ukileta sita ukidhani sijui kuhesabu, utanisikia.

Jina langu ni Kathambi, lakini wengi huniita Mama Kinya. Nina kibanda cha chai na chapati pale Makutano, na madereva wa malori wananijua vizuri. Siri ya chai yangu si majani wala maziwa, ni maji. Ya mfereji hapa mjini yakija yanakuja na harufu ya dawa, na yakikataa kuja yanakataa wiki nzima. Lakini yale ya barabarani yanatoka kwenye mwamba, baridi hadi meno yanauma, na sijawahi kuyaona yamekauka tangu nikiwa msichana wa kubebeshwa mtungi wa lita tano. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi utanipata huko na wilbaro yangu na mitungi mitatu.

Huko ndiko nilikomjua Salesio.

Salesio Njiru ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwao ni Mbeere, kule chini Embu kwenye joto na vumbi. Ni mrefu, mkimya, na macho yake ni mekundu kila wakati kwa sababu ya kazi. Siku ya kwanza alipokuja, miaka kama minne iliyopita, aliegesha baiskeli, akachuchumaa kando ya bomba, akabaki kuyaangalia maji yakianguka. Foleni nzima inamngoja yeye.

"Wewe, unangoja bomba likusalimie?" nikamuuliza.

"Mama, haya yanayomwagika yanaenda wapi?"

"Mtaroni. Kwani ulitaka yaende wapi?"

"Usiku pia?"

"Usiku pia yanaenda mtaroni."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na baadaye nikajuta, kwa sababu tulipozoeana alinieleza. Mama yake alikuwa akichimba mchanga wa mto uliokauka, anakaa kwenye shimo na kikombe, anangoja maji yajikusanye, anachota, anangoja tena. Mtungi mmoja ulikula asubuhi nzima. Maji ya kunawa uso yalinawisha miguu, na yaliyonawisha miguu alipewa mbuzi. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwonyesha maji yanayokimbilia mtaroni usiku na mchana, atachuchumaa tu aangalie.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kitanda cha chuma kwenye karia ya baiskeli. Alikichomelea mwenyewe, cha kimo cha goti, cha kuwekea mitungi chini ya bomba ili mtu asiinamishe mgongo na maji yasimwagike hovyo. Hakuna aliyemtuma. Alikipachika, akajaribu kama kinayumba, akajaza mtungi wake akaenda zake. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana.

Na hapo hapo kwenye foleni alimpata Joyline. Nisiseme uongo, mkono wangu ulikuwepo. Joyline ni binti ya Karwirwa wa Kaaga, rika langu, tuliyebatizwa naye siku moja. Nilikuwa nikimwona Salesio anavyomkodolea macho msichana kisha anajifanya kuangalia mnyororo wa baiskeli. Siku moja nikamwambia, "Njoo usimame hapa mahali pangu, miguu inaniuma." Miguu haikuwa inaniuma hata kidogo. Mahali pangu palikuwa nyuma ya Joyline. Mwaka haukuisha kabla wazee hawajapanda kutoka Mbeere, tukala, tukaimba, mambo yakafanywa kama yanavyofanywa. Wakapanga nyumba kule Kinoru, wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Runji, jina la marehemu baba yake Salesio.

Shida ilianza na heshima.

Kwetu huku, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, wala hawakai benchi moja. Wakikutana njiani, mmoja anampisha mwenzake. Embu ni hivyo, Meru ni hivyo. Lakini sisi tuliokaa mjini tumelegeza kidogo. Kijana akisema "Habari, mama" kwa mbali huku akiangalia pembeni, imetosha, na mama atajibu na kuendelea na safari yake. Salesio yeye alifundishwa na babu yake, na babu yake hakulegeza kitu. Kwa Salesio, mama mkwe hata kumwona hufai. Kwa hiyo kila Jumamosi, kitambaa cha buluu cha Karwirwa kikichomoza tu pale juu kwenye kona, Salesio alikuwa anaacha mtungi wake kwenye foleni, anaruka mtaro, anaingia kwenye migomba iliyo chini ya barabara. Anakaa huko mpaka mama ajaze na aondoke.

Sisi wanawake tulikuwa tunamtania. "Salesio, inama zaidi, kichwa kinaonekana!" Ni kweli kilikuwa kinaonekana. Migomba ya pale si mirefu hivyo.

Karwirwa hakuwahi kucheka.

Mwezi wa tano maji ya mfereji yakapotea wiki mbili. Salesio akitoka kazini anapitia barabarani, anajaza, anasukuma baiskeli mpaka Kinoru, amechoka, ana njaa. Jioni moja akafika, akakuta Joyline amemwogesha mtoto kwa yale maji ya kunywa, karai zima, na ameyamwaga pale mlangoni. Wallahi sijui ni nini kilimwingia. Mtu mkimya akipasuka anapasuka vibaya. Alipiga kelele mpaka wapangaji wa ploti yote wakatoka nje. Ati watu wa huku hawajui maji. Ati wangezaliwa kwao wangekuwa wamekufa zamani. Joyline naye si mtu wa kupigiwa kelele mbele ya majirani. Alimfunga Runji mgongoni, akachukua mkoba, akamwambia, "Kaa na maji yako. Uyalee." Akarudi kwa mama yake.

Siku ya tatu Salesio akampigia simu. Joyline akasema, "Ukitaka kuongea na mimi, njoo kwetu." Neno zuri, au sivyo? Mlango umefunguliwa! Lakini kwa sheria za babu yake Salesio, mwanamume ambaye mkewe amerudi kwao hawezi kujipeleka langoni peke yake kama mwizi wa kuku. Anakwenda na wazee. Baba yake alikwisha kufa, kwa hiyo mzee wake ni Mbaka, baba yake mdogo, kule Mbeere. Na Mbaka akasema anakuja, lakini baada ya kuvuna ndengu.

Sasa sikia kosa la Salesio. Mtu mwingine angesema "wazee wanajipanga." Salesio hajui kupaka neno sukari. Akampigia Joyline akamwambia vile vile alivyoambiwa: "Baba mdogo atakuja baada ya ndengu."

Woi! Joyline akakata simu. Karwirwa aliposikia, nusura aing'oe nyumba. Alikuja kibandani kwangu akapiga meza. "Ati binti yangu angoje ndengu! Ndengu kwanza, Joyline baadaye!" Chapati ziliungua nikimtuliza.

Wiki saba zikapita hivyo. Salesio akakonda. Akawa anakuja na mtungi mmoja tu, na siku moja nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mama Kinya, siku hizi nina maji mengi nyumbani. Hakuna wa kuyatumia." Alisema akiangalia baiskeli. Niliumia, haki ya Mungu. Kisha kitambaa cha buluu kikachomoza kwenye kona, naye huyo, migombani.

Alhamisi ya mwisho ya Juni Karwirwa akaja kwangu tena, mara hii hakupiga meza. Aliketi. Akaniambia Joyline amepata kazi Nanyuki, jikoni, kwenye hoteli anakofanya kazi dada yake. Anaondoka Jumatatu na mtoto.

"Salesio anajua?"

"Na usimwambie, Kathambi. Yule anatoroka kila akiniona. Mtu anayetaka mke wake atakimbia mama yake? Kama anamtaka, atakuja mwenyewe."

"Lakini anatoroka kwa sababu..."

"Usimwambie!"

Nikaahidi. Sijui ni shetani gani alinishika ulimi. Ijumaa nzima nilikuwa nikikanda unga huku najitukana. Mtoto anaondoka Jumatatu na baba yake anachomelea mageti Makutano hajui lolote, na mimi ninayejua nimefungwa mdomo kwa ahadi. Nililala vibaya.

Jumamosi nikachelewa. Baridi ya Juni unaijua, ukungu umeshuka mpaka barabarani, manyunyu yanakuingia shingoni. Na asubuhi ile ile maji ya mfereji yalikuwa yamerudi, kwa hiyo mji wote ulikuwa nyumbani ukijaza ndoo. Nilipofika kwa bomba hapakuwa na foleni.

Palikuwa na Karwirwa peke yake. Ameketi chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha, mtungi wake umejaa uko nyuma yake juu ya kile kitanda cha chuma, na mkanda ameshauvalisha kichwani. Karwirwa bado anabeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama mama zetu. Kubeba anaweza. Kuinuka ndiko hawezi tena kwa sababu ya magoti. Lazima awepo mtu nyuma wa kumwinulia mtungi akisimama.

"Muga, Karwirwa," nikamsalimu. "Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

Ilikuwa inakaribia saa tatu. "Na hakuna aliyepita wa kukuinulia?"

"Hakuna mtu."

Nikaangalia kando ya barabara. Baiskeli ya Salesio ilikuwa imelala pale kwenye nyasi, mtungi wake umeshajazwa na kufungwa kwenye karia. Nikaangalia migombani. Viatu viwili vya kazini, na juu yake shina la mgomba, na juu ya shina kofia ya sufu.

"Na yule?" nikauliza, nikamwelekeza kwa kidevu.

"Yule nani? Mimi naona migomba tu."

Jamani! Saa moja na nusu watu wawili wazima, kwenye manyunyu. Huyu hawezi kuinuka bila mtu, na yule hawezi kutoka mpaka huyu ainuke. Nilitaka kucheka na nilitaka kuwachapa wote wawili kwa mwiko.

"Mama Kinya," sauti ikatoka migombani, ya chini, imejaa baridi. "Nisalimie mama."

Karwirwa alikuwa amesikia kama mimi nilivyosikia, hatua kumi hazifiki. Lakini hakugeuka. Aliniangalia mimi, akingoja.

"Anakusalimia," nikasema.

"Mwambie salamu za migombani sijui kuzipokea."

Nikageuka. "Anasema salamu za migombani hajui kuzipokea."

"Mwambie ni heshima."

"Anasema ni heshima."

"Mwambie heshima ni kumwacha mama wa watu amekaa kwenye tope saa moja na nusu?"

Nikageuka tena, nikafungua mdomo, nikaufunga. Shingo ilikuwa imeanza kuniuma. "Umesikia," nikamwambia.

"Mwambie sikujua nifanye nini," akasema Salesio. "Nikija ni makosa, nikikaa ni makosa. Nilikuwa naomba Mungu apitishe mtu."

"Mwambie Mungu alipitisha mtu," Karwirwa akasema. "Alikuwa migombani."

Basi hapo nikapasuka. "Mimi si bomba!" nikasema. "Huyu anamimina huku, yule anakinga kule, na mimi nimesimama katikati nalowa! Karwirwa, wewe kwani umesahau marehemu bwana yako? Siku ya harusi ya dada yako? Mama yako aliketi mlangoni pa ghala, na bwana yako yuko ndani alikoenda kuchukua viti. Alitoka saa ngapi?"

Karwirwa akaanza kuvuta nyuzi za gunia.

"Nakuuliza. Alitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni," akasema polepole.

"Na aliingia saa ngapi?"

"Saa nne." Mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni. "Alikula mahindi mabichi humo ndani."

"Alikuwa anamdharau mama yako?"

Akavua mkanda kichwani, akaushika mapajani. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu tukiwa wasichana. "Mimi nilidhani huyu ananikimbia," akasema. "Nilidhani anaona aibu kwamba alimwoa Joyline. Kila Jumamosi namwona anaruka mtaro, roho inaniuma. Kathambi, kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi ya kusema?"

Maji yanaanguka tu kando ya mtungi.

"Mwambie," Karwirwa akaanza, kisha akasita. "Mwambie kitu kimoja. Mwambie tangu Joyline arudi kwangu, anamwogesha mtoto kwa vikombe viwili. Viwili. Maji yako pale, mapipa yamejaa, nami namwambia mwogeshe mtoto vizuri. Anakataa. Anasema hataki tena kuambiwa anamwaga."

Sikugeuka kumwambia. Hata hivyo alikuwa amesikia, kwa sababu nilisikia jani la mgomba likivunjika pale alipolishika.

"Na mwambie lile lingine," Karwirwa akasema. "Nimekufungua."

Hilo nililisema mimi, na nililisema kwa nguvu, maana lilikuwa limenikaba tangu Alhamisi. "Salesio! Jumatatu Joyline anaenda Nanyuki. Amepata kazi. Anaenda na Runji."

Akatoka. Lakini alivyotoka, hata Mungu lazima alicheka. Alitoka kinyumenyume, mgongo kwetu, uso kwa shamba, akipapasa mtaro kwa kisigino kama lori linaloegeshwa pale stendi. Akasimama kando ya baiskeli, bado ametupa mgongo, mabega yamelowa.

"Mama Kinya, mwambie mama nimekosa," akasema. "Si mambo ya wazee, si ndengu. Nimekosa mimi. Siku ile nilipoona yale maji chini, niliona mama yangu kwenye shimo na kikombe. Nikapandwa na hasira, nikampigia kelele mtu ambaye hakujua. Mwambie mtoto wangu... mwambie vikombe viwili ni vyangu. Si vya Runji. Havikupaswa kumfikia Runji."

Mimi machozi yalikuwa yameshatoka, sikujisumbua kuyafuta, na manyunyu yale nani angejua. Karwirwa akanipa mkono nimwinue, akainuka bila mzigo, akapiga vumbi ambalo halikuwepo kwenye sketi iliyolowa.

"Kathambi," akasema, sauti ya kawaida kabisa, "mwambie mwenye baiskeli mtungi huu umenishinda. Anipelekee nyumbani. Na akifika langoni hakuna atakayemuuliza wazee wake wako wapi. Amebeba maji yangu."

Akavuka barabara, akasimama upande wa pili akiangalia kilima, ili Salesio apate nafasi ya kuuchukua. Nikashika baiskeli. Salesio akauinua ule mtungi kwa mikono miwili, taratibu, utadhani ni wa mayai, akaufunga kwenye karia pamoja na wake.

Tukapanda. Yeye mbele anasukuma, mimi katikati na wilbaro yangu, Karwirwa nyuma na mkanda wake mtupu. Mimi nilikuwa nahesabu hatua na kuomba. Joyline namjua. Joyline angeweza kumwambia shusha maji uende, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Wiki saba ni nyingi, na begi la Nanyuki lilikuwa limeshafungwa, Karwirwa alinong'ona hilo nyuma yangu tukiwa karibu kufika.

Langoni Salesio akasimama. Nikamsukuma mgongoni kwa kidole. Akaingia.

Joyline alikuwa kwenye ukumbi wa nyuma, karibu na jiko la kuni, amemshika Runji ndani ya leso. Karai lilikuwa chini mbele yake. Na ndani ya karai, nimeona kwa macho yangu, maji ya vuguvugu ambayo hayakufunika hata chapa ya ua lililochorwa chini. Akainua uso, akamwona mumewe. Hakusalimia, hakusimama. Runji ndiye aliyenyoosha mikono.

Salesio alifungua kamba, akautua mtungi wa Karwirwa mlangoni pa jikoni, vizuri, kama alivyotumwa. Kisha akachukua wake mwenyewe, ule aliouteka kwa ajili ya kunywa wiki nzima. Akafungua kifuniko, akauinamisha juu ya karai, akamimina. Maji yakajaa, yakafika ukingoni, yakapita ukingo, yakaanza kukimbia kwenye sakafu mpaka uani kwa kuku, naye bado anamimina. Alikuwa ameuma meno. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa ni kumwaga maji tu. Mimi nilijua kila kikombe kinamtoka wapi.

"Salesio," Joyline akasema. "Hayo si ya kunywa?"

"Ni ya kunywa."

"Sasa unafanya nini?"

"Mwogeshe mtoto."

"Hayo ni baridi! Unataka mtoto apate homa?"

Akasimamisha mtungi. Akaangalia karai, akaangalia jiko. "Basi nitayachemsha," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Joyline akageuza uso, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikataka kumkimbilia. Kumbe anacheka. Kisha akalia kweli, kisha sijui lipi ni lipi, na Salesio amepiga magoti kwenye lile dimbwi anachochea kuni, moshi unamwingia machoni, na Runji ameshateleza kutoka kwenye leso na anapiga maji kwa viganja vyote viwili. Niliposikia ule mlio wa viganja kwenye maji nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Alhamisi. Karwirwa alikuwa amebaki kando ya nyumba, kwa sababu mkwe yuko jikoni. Lakini alikuwa ametega sikio pale kwenye kona, nami nikamwonyesha kidole gumba.

Jumatatu gari la Nanyuki liliondoka bila Joyline. Mbaka naye alikuja Agosti, na wazee watatu na gunia la ndengu, akiwa tayari kusuluhisha. Hakuna aliyemwambia amechelewa. Walipokelewa kwa heshima zote, wakasema maneno yao yote mpaka mwisho, na zile ndengu tukazila. Zilikuwa tamu, hilo nitasema.

Lakini siku ile yenyewe, niliposhuka kutoka Kaaga kuelekea Makutano nikisukuma wilbaro, nilijisikia mwepesi ajabu, naimba hata. Nilifika stendi ndipo nikagundua kwa nini wilbaro ni nyepesi. Mitungi yangu yote mitatu ilikuwa mitupu. Sikuwa nimejaza hata mmoja. Nikapika chai kwa maji ya mfereji, na madereva wakaanza kuvuta midomo, ati Mama Kinya, leo chai ina harufu ya dawa. Niliwaambia wanywe na wanyamaze.